Sega Juu ya Gogo

Leo tena sega lilikuwepo. Lipo juu ya gogo lile lile analokaliaga Nurdini, limewekwa kwenye jani bichi, asali inachuruzika. Nurdini akalipiga picha kwanza na simu, ndiyo akalila.

"Mjomba, umeona?" alisema mdomo umejaa. "Kuna mwanamke hapa."

Mjomba wake Majidi, aliyekokotwa kutoka mtaani kwake Ng'ambo mpaka huku porini na viatu vyake vya Ijumaa, alitazama kushoto, akatazama kulia. Miyombo tu. Na wao wawili, wamevaa kama wanakwenda kwenye ndoa.

Ishu ilianza hivi. Nurdini ni fundi cherehani. Alinunua kinanda cha mdomo mnadani, akapania kujifunza bluzi, ule muziki wa kulialia, kwa kuangalia video. Mwalimu wa kwenye video alisema mtu aanze na pozisheni ya kwanza: kinanda cha C, wimbo wa C, basi. Ukitaka kilie kweli, matundu ya chini unavuta pumzi, ya juu unapuliza, huku ulimi umeukunja mpaka sauti inapinda. Kule chini Nurdini alikuwa anapaliwa. Akahamia juu moja kwa moja, tundu la nane na la tisa, akawa mkazi wa huko. Kiii-riii. Kiii-riii. Mama yake alidhani cherehani imeishiwa mafuta. Jirani akadhani breki za baiskeli.

Yasmini, muuza asali wa sokoni ambaye Nurdini alikuwa anamfia kimyakimya, ndiye pekee aliyempa ushauri. Alisikiliza huku ameziba sikio moja, akamwambia akapigie porini huko, labda wapo wanaopenda.

Nurdini akaelewa. Mwanamke wa heshima zake atakwambiaje zaidi ya hapo?

Basi siku ya kwanza tu, kapiga tundu la nane, mluzi ukamjibu kutoka kwenye miti. Akapiga tena. Ukajibu tena, na umesogea. Akahama mti kidogo huku anapuliza, mluzi ukamfuata. Hapo akakimbilia baiskeli yake. Kesho yake akarudi, akakuta sega juu ya gogo. Sasa jamani, kati ya wanawake wote anaowajua, ni yupi anashinda na asali?

Ikawa ndiyo hivyo kila akienda. Mluzi, sega. Mluzi, sega. Siku moja akamchokoza sokoni, kwamba naona asali imekuwa nyingi siku hizi. Yasmini akasema baba kapata bahati porini. Nurdini akamkonyeza. Yasmini akamuuliza kama kaumwa na nyuki jichoni.

Tatizo lilikuwa mama. Mama alishamwona binti mmoja wa Nzega, na mjomba ndiye mshenga. Nurdini alilia, akabembeleza, akaomba mjomba aje tu asikie kwa masikio yake. Mjomba akakubali, kwa sharti.

"Leo asipotokea huyo wa kwako," alimwambia, "kesho asubuhi naenda Nzega kuposa. Na hicho kidude unakizika."

Kwa hiyo Nurdini alijifuta asali midomoni, akavuta pumzi ya mtu anayepigania maisha yake, akapuliza. Kiii-riii.

Mjomba akaangalia saa.

Kiii-riii.

Mluzi.

Mjomba akakaa vizuri, akanyoosha baragashia.

Nurdini akalipinda tundu la tisa mpaka macho yakamtoka. Mluzi ukajibu kwa karibu, nyuma ya kichaka pale. Majani yakatikisika. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, chinichini, ile ile ya sokoni. Nurdini akamfinya mjomba. Mjomba naye akamfinya, kakubali mzee wa watu.

Kichaka kikafunguka. Alitangulia mzee mwenye shoka begani na kienge kinachofuka moshi mkononi, ananyata, midomo kaikunja kwa mluzi, macho yote juu kwenye matawi. Nyuma yake Yasmini, kabeba ndoo.

"Taratibu, mwanangu," mzee alinong'ona bila kushusha macho. "Ndege wa asali hatishwi. Huyu kila akiniita namfuata, ujue nyuki hawako mbali, sijawahi kurudi mikono mitupu, ndiyo maana fungu lake huwa namwachia hapa hapa kwenye gogo."

Yasmini alikuwa ameshasimama.

"Baba," alisema, "mbona ndege wako kavaa kanzu?"