Mlinzi wa Mlango wa Chini

Enzi hizo kichuguu kimoja kilikuwa na wakubwa wawili. Mchwa wa juu na mchwa wa chini walimgombania malkia, na chumba chake kilikuwa na milango miwili. Wa juu ulilindwa na Kidundo, wa chini na Mtulinga. Askari wa mchwa huziba tundu kwa kichwa chake kikubwa, na hawa wawili walikuwa wameelekeza vichwa ndani, wakitazamana kwa chuki mwaka wa tatu.

Ndipo siafu wakavamia. Raia wa pande zote wakakimbilia chumbani kwa malkia.

"Nikigeukia nje utaniuma mgongoni," Kidundo alisema.

"Na mimi naogopa hivyo hivyo," Mtulinga akajibu. "Lakini tusipogeuka tumekwisha sote."

Akageuka yeye kwanza. Kidundo akabaki ameduwaa, mgongo wa adui uko wazi mbele yake. Kisha naye akageuka. Alipigana siku mbili akingoja kuumwa nyuma, na hakuumwa.

Siafu walipoondoka, mkubwa wa mchwa wa juu alimnong'oneza Kidundo, "Mmalize kabla hajageuka."

Kidundo akamwendea Mtulinga, akamgusa. Alikuwa mkavu. Siafu walikuwa wamemuua tangu siku ya kwanza, lakini kichwa chake kilikuwa bado kimeziba tundu, na hakuna siafu hata mmoja aliyepita.

"Vizuri," mkubwa alisema. "Basi mlango wa chini hauna mlinzi."

Kidundo akasimama mbele ya maiti, akamtazama mkubwa wake usoni.

"Unaye, mzee."