Mvuje Mkononi mwa Mtoto

Mwanasha, mtumishi wa ndani, hakuwa na simu, hakuwa na pasipoti, wala hakuwa na ndugu hata mmoja Riyadh nzima. Alikuwa na mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, aliopewa na nyanya yake Lamu, dawa ya watoto wenye msokoto wa tumbo.

"Mfungie, nakuomba," alisema madam, mwanawe akilia siku ya tatu.

Mwanasha akaufunga kwa kitambaa cheusi kwenye mkono wa mtoto. Mtoto akalala.

Baba wa mtoto aliporudi aliunusa, akaruka. "Uchawi! Nani kamfunga mwanangu?"

Madam akampangusa mtoto mate kidevuni. "Yeye. Mimi nilikuwa nimelala."

Baba akaketi kuwaandikia polisi barua ya kumshtaki Mwanasha kwa uchawi. Madam akamsogelea Mwanasha, akanong'ona, "Uliobaki umeuweka wapi? Akilia tena je?"

Baba akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa dereva wake.

"Yalla, kituoni!"