Lengelenge la Kidole cha Mwisho

"Soksi uzigeuze," fundi viatu alisema bila kuinua macho. "Mshono ukae nje, usikusugue vidole."

Mdogo wake alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, miguu mitupu, akisubiri raba zake. Keshokutwa angekimbia kilomita arobaini na mbili kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Kaka, nivae soksi kama mlevi?"

"Geuza. Na zisiwe za pamba. Pamba inakunywa jasho halafu inakung'ang'ania ngozi. Mafuta ya mgando paka katikati ya vidole, kwapani, na mapajani pale yanapogusana. Chuchu bandika plasta."

"Chuchu!"

"Cheka tu. Fulana ikishalowa jasho ni msasa. Na ukijimwagia maji kichwani, inama mbele, yasiingie kwenye raba. Jioni kagua nyayo. Weka kioo sakafuni, tazama mpaka katikati ya vidole, hata kama husikii kitu."

"Enzi zako ulikimbia na raba za mtumba, soksi moja nyekundu na nyingine nyeusi. Haya ya vioo umeyajulia wapi?"

"Nilifundishwa baadaye."

"Na nani?"

Fundi aliuma uzi, akaukata.

Mkewe akaingia na vikombe viwili vya chai. Kimoja alikitia sukari, kingine hakukitia.

"Shemeji, huyu bado anaionea sukari uchungu?" mdogo mtu alitania. "Ubahili utamuua."

Mwanamke alitabasamu kidogo, akaondoka.

Zamani mtaa mzima ulimwita fundi Risasi. Alikimbia miaka kumi na mmoja, kisha miaka mitatu iliyopita akaacha ghafla, akasema amechoka. Mdogo wake alipoanza mazoezi, watu wakamwita Risasi Mdogo. Siku hizi hilo Mdogo lilikuwa limeanguka njiani, na jina lililobaki lilipopita dirishani kwa kelele za kushangilia, fundi alipiga nyundo kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.

Mdogo mtu alipotoka kwenda kununua mafuta, fundi alibaki na raba ya kulia mkononi. Bitana ya kisigino ilikuwa imechanika, naye ameishonea kipande cha ngozi laini. Ndani lilikuwa limebaki fundo la uzi, dogo kama punje ya mchele. Kufika kilomita ya kumi lingekuwa kokoto. Ya thelathini, kisu. Hakuna ambaye angejua.

Aliliacha hapo. Akanywa chai yake taratibu, akilitazama. Alitaka mdogo wake arudi akichechemea, na hakujidanganya kwamba hataki.

Chai ilipoisha akachukua wembe, akalikata lile fundo, akapagonga mpaka pakawa laini kama shavu. Wivu haukupungua hata chembe. Mkono wake tu ndio haukujua kuharibu kazi.

Siku ya mbio fundi alichelewa kuamka. Sauti za watu zilikuwa zimeshajaa barabara kuu. Akavaa viatu haraka, bila kuvikung'uta wala kutia mkono ndani. Mkewe akaguna, akafungua kinywa, lakini fundi alikuwa ameshafika nje.

Alisimama karibu na utepe wa mwisho zaidi ya saa tatu, amebanwa na watu. "Risasi! Risasi!" wakapiga kelele, na kichwa chake kikageuka kwa mazoea, mkono ukainuka kidogo. Mdogo wake akampita, uso umejaa chumvi ya jasho, mdomo wazi. Fundi akaushusha mkono, akajikuna shingo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mdogo mtu amemwegemea kaka yake begani. Mke wa fundi alikuwa ameshaweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Raba zikavuliwa. Kilomita arobaini na mbili, na ngozi yote salama, isipokuwa kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Lengelenge lilikuwa limepasuka.

"Kwenye kituo cha mwisho cha maji," mdogo mtu alikiri. "Nilijimwagia maji nikiwa wima."

Alitumbukiza mguu, akautoa kwa yowe. "Shemeji! Maji haya au moto?"

"Mwanamume mzima!" Mwanamke alicheka. "Rudisha."

Akarudisha. Akauma kola ya fulana, machozi yakamlengalenga. Fundi alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, macho hayabanduki kwenye kile kidole.

"Kaka, mbona unanitazama kama nimekula fungu lako?"

Fundi aliinama zaidi.

Mwanamke ndiye aliyeziona alama. Nusu kisigino, nyekundu, moja baada ya nyingine juu ya saruji, kutoka mlangoni. "Damu hii ya nani?"

"Yangu, bila shaka." Mdogo mtu aliinua miguu yote miwili. Hapakuwa na jeraha jingine.

Alama ziliishia chini ya kiti cha fundi.

Mkewe alipiga magoti, akamvua kiatu cha kulia. Soksi ilikuwa imelowa. Kimsumari cha viatu kilikuwa kimezama kisiginoni mpaka kichwani. Aligeuza uso ukutani.

"Kaka! Umesimama na hiki tangu asubuhi?" Mdogo mtu alichukua koleo. Akafumba macho, akavuta, yeye mwenyewe akapiga kelele.

Fundi hakupepesa hata jicho; miaka mitatu sasa nyayo zake hazikuwa zikisikia kitu. Alikuwa bado anakitazama kile kidole.

"Hebu niambie," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo lengelenge. Linauma vipi?"