Punje ya Nane

Juzi ufa wa ukingo ulioshikilia ziwa juu ya kijiji chao, kwenye milima ya Pamir, ulikuwa na upana wa punje mbili za shayiri zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Jana zikaingia nne.

"Leo sita, kesho nane," mumewe alimwambia Gulbegim, akishuka shambani na mundu. "Mbili mbili tu, mama watoto! Tuvune kwanza, tutahama Ijumaa."

Gulbegim akapiga magoti penye ufa, akapanga sita. Pakabaki nafasi. Akaongeza ya saba. Ya nane ndiyo iliyobana.

Mbili, nne, nane. Ufa ulikuwa ukijizidisha maradufu.

"Baba watoto! Tupa mundu! Kesho ni kumi na..."

Chini ya kidole chake punje zote zikalegea, zikatumbukia ndani.