Umebaki Uso

Siku hizo kila mgonjwa wa presha ya macho alivalishwa lenzi. Sehemu ya jicho iliyokwisha kufa, lenzi iliijaza picha za zamani za mahali pale pale, ili mtu asiishi na giza pembeni.

Bi Sikudhani, naye akiwa na lenzi yake, alikuwa akikuna nazi jikoni, na pembeni, kizingitini, mwanawe Tunu ameketi. Tunu walimzika mwaka juzi. Mama akigeuka kumtazama, mtoto hutoweka, kwa kuwa katikati ya jicho bado ni pazima, na pazima huona kilichopo: mlango mtupu.

"Mama Tunu," mumewe aliita kutoka sebuleni, "dawa ya macho umetia?"

"Ndiyo natia."

"Usiache hata siku moja. Daktari kasema ukiacha, upofu utaingia mpaka katikati, na ukishaingia hautoki."

"Nimesikia, Baba Tunu."

Akafungua kichupa, akayadondosha matone ya leo kwenye sinki la vyombo, kama ya jana. Kisha akarudi kwenye mbuzi yake, akakaza macho mbele, asigeuke. Mwanzoni lenzi ilimpa miguu ya Tunu tu. Sasa mabega yameshafika.

Umebaki uso.