Kisikio cha Kombo

Siku hizi ni marufuku mtu kumsomea kipofu simu yake. Kila kipofu amepewa kisikio, kidude cha sikioni kinachomsomea mwenyewe. Siku walipomletea mume wangu Kombo chake, nilikuwa namenya muhogo.

"Nisomee salamu za Faki," alikiambia, akitabasamu.

Kisikio kikajibu kwa sauti ya juu, hata mimi nikasikia: "Faki hajatuma ujumbe wowote kwa miaka sita."

Miaka yote hiyo, kila Ijumaa, nilikuwa nikimsomea salamu za mwanetu kutoka Omani.

Kombo akakivua kisikio, akaninyooshea simu.

"Leo Ijumaa, Mama Faki. Nisomee."

Nikafunga mlango, nikafuta mikono.

"Shikamoo, baba," nikaanza.