Mashine Yenye Huruma

Karani aliikumbatia kompyuta kwa mikono miwili, akaikinga na bisibisi ya fundi.

"Ngoja kwanza ipige kengele ya saa nne," alisema. "Baada ya hapo utaichukua, hata ukitaka kuikaanga."

"Dada yangu, si umeniita mwenyewe?" Fundi alicheka mpaka begi la vifaa likamteleza begani. "Na nimekuja mbio kweli. Mlinzi wenu kanidhania mwanafunzi! 'Wahi, mama, wahi, wenzako wote wameingia!' Nikakimbia na unene wangu huu. Nilipotia tu mguu ndani, kengele ikalia."

"Ndivyo ilivyo," karani alisema kwa fahari, huku akiipapasa mashine. "Ina huruma."

Hakuna mtu katika kituo kile cha elimu ya watu wazima ambaye angeyabisha maneno hayo. Kwa miaka kumi na mmoja kompyuta ya ofisini ilikuwa imepiga kengele ya kuingia, ya mapumziko na ya kutoka, na ilikuwa na tabia zake. Asubuhi haikulia kamwe kabla mama wa mapacha hajavuka geti, hata akichelewa dakika tano. Mvua ikinyesha, iliwasubiri watu wakunje miavuli. Mwaka uliopita ilinuna wiki mbili nzima, ikawa inalia kwa sekunde kamili bila kumwonea mtu haya. Kisha ikarudiwa na utu wake, na madarasa yote yakaipigia makofi.

Kwa hiyo, ulipotokea ujumbe kwenye skrini kwamba mfumo endeshi wake hautahudumiwa tena na walioutengeneza, karani alikosa hamu ya kula.

"Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayeijua," mwalimu mkuu alimwambia. "Ila kumbuka, mtihani wa mwisho unapimwa kwa kengele. Ikilia mapema, wanawake arobaini walioshika kalamu mara ya kwanza wakiwa na wajukuu watanyang'anywa karatasi kabla hawajamaliza. Hapo tutaficha wapi nyuso zetu?"

Karani aliyapima mambo kama mtu anayemchagulia binti yake mchumba. Kununua kompyuta mpya? Ingekuwa na akili nyingi, lakini nani angeidhamini tabia yake? Kuiacha ya zamani ilivyo na kuikatia mtandao? Huko ni kumfungia mgonjwa mlango na kujidai amepona. Njia ya tatu ilikuwa kuiwekea mfumo mwingine, wa bure, usioielemea mashine kongwe. Fundi alikuwa amemweleza kwa simu jioni tatu mfululizo, mpaka sikio likapata moto. Karani akaichagua njia hiyo, akiwa na swali moja aliloliandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri.

"Je," alilisoma sasa mbele ya fundi, "mfumo mpya utamsubiri mama wa mapacha?"

"Dada, mfumo huo haunisubiri hata mimi ninayeuweka."

Karani alikunja karatasi. Mtihani ulikuwa kesho yake. Kila Jumatatu, kwa miaka yote hiyo, alikuwa ameiandikia mashine ratiba ya wiki, akachapa nakala moja ya ubaoni na moja ya getini, na mashine haikuwahi kumwangusha. Leo yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka kisuni.

"Nikianza baada ya saa nne, sitapata muda wa kuijaribu kabla hamjafunga," fundi alisema kwa upole. "Nianze, au nirudi nyumbani?"

"Anza," karani alisema, akafumba macho.

Waya zilichomolewa mojamoja. Skrini ikawa nyeusi. Karani alikimbilia jikoni, akarudi na sufuria kubwa na mwiko, akasimama katikati ya ukumbi huku ameikodolea macho saa ya ukutani. Kwa siku hii moja, kengele ingekuwa yeye.

Vichwa vilianza kuchungulia madirishani.

"Mama Karani, leo tunapakuliwa nini?"

"Adhabu! Someni!"

"Tuongezee na mchuzi!"

Darasa zima liliangua kicheko. Karani naye alitaka kucheka, lakini dakika moja tu ilikuwa imebaki. Aliinua mwiko. Mshale wa sekunde ulizunguka, ukapanda, ukakaribia juu.

Kengele ikalia.

Ililia kwa uchangamfu, ndefu na safi, kama ilivyolia siku zote. Karani aligeuka na mwiko wake hewani. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya ofisi, kifuniko wazi, matumbo yake yote yametandazwa juu ya gazeti. Kando yake fundi alikuwa amenyoosha mikono juu kama aliyekamatwa.

"Sijagusa kitu!"

Waliitazama kengele pale juu ukutani, kisha wakautazama waya wake. Haukuelekea ofisini. Ulipita juu ya mlango, ukatokea nje kwenye tundu la dirisha, ukaambaa na ukuta wa ua. Waliufuata mbio, mmoja na sufuria, mwingine na bisibisi, nyuma yao madarasa mawili yaliyoshindwa kujizuia.

Waya uliishia katika kibanda cha getini. Mlinzi alikuwa ameketi mbele ya ratiba ya wiki, saa yake ya mkononi ameilaza mezani, kidole kikiwa bado juu ya kitufe chekundu. Alipoiona bisibisi, uso wake ulichanua.

"Kumbe wewe ndiye fundi!" alisema, akisimama kumpisha kwenye kiti. "Mwalimu mkuu wa kwanza aliniambia nibonyeze kwa muda tu, mpaka utakapokuja kuunganisha waya na kompyuta. Karibu, mwanangu. Miaka yote hii nimepata likizo moja tu, ya wiki mbili mwaka jana. Nilishaanza kudhani umepotea njia."